Upande wa Pili wa Yai

Waliotutangulia chuoni walipangiwa kazi na serikali hata kabla ya kurudisha majoho. Sisi tuliambiwa milango ya biashara imefunguliwa, tukajitafutie. Nilijitafutia miezi saba na shahada yangu ya elimu ya viumbe, nikitokea kwa shangazi yangu Magomeni kila asubuhi, mpaka nikapokelewa na daktari mmoja Mhindu. Alikuwa amefungua kliniki ya wanaotafuta watoto, ghorofa ya pili, Kariakoo ukikaribia Gerezani. Chini yetu waliuza vipuri. Lori likipita, maji yalitikisika kwenye glasi, na kila yalipotikisika niliwaza mayai yaliyokuwa kwenye kabati la joto.

Kuyatazama mayai hayo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwanamke huchomwa sindano siku kumi na kitu ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, kisha daktari huyavuta pamoja na majimaji yake na kunipitishia kwenye kidirisha. Mimi niliyatafuta kwa hadubini, nikayasafisha, kisha nikajaza fomu: limekomaa, changa, limeharibika. Yai lililokomaa linajulikana kwa alama moja. Linakuwa limetoa punje ndogo sana inayokaa ukingoni, chini ya utando. Ukiiona, daktari ataliingizia mbegu ya mume mchana huo huo. Usipoiona, yai bado changa, na changa haliingizwi kitu.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nilikuwa narudi ngazi mbili nzima kuhakikisha nimefunga mlango, na nikifika chini nawaza kama kule kuhakikisha kwenyewe hakukuufungua. Mwezi wangu wa pili kazini, nikiligeuza yai kwa mrija mwembamba wa kioo, lilipasuka. Lilikuwa limeshakataliwa, halina mwenyewe wa kulisubiri. Daktari alisema, "Hilo lilikuwa la kujifunzia," akaendelea na chai yake. Lakini nilichojifunza mimi hakikuwa alichokusudia. Nilijifunza kutogeuza. Yai likikaa vizuri nikaona punje, naandika. Nisipoiona, nalizungusha kidogo tu, robo, naacha. Sikumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Aliyekuja kuuliza alikuwa mgonjwa. Alikuwa Mchaga, wa miaka arobaini kasoro kidogo, anauza vitenge kwa jumla Mtaa wa Kongo. Alikuja kabla ya kufungua duka, ufunguo mkononi. Siku ya kusaini fomu ya ridhaa, alisoma mbele, akaigeuza.

"Nyuma hamna kitu?"

"Hamna, dada."

"Haya." Akasaini.

Hii ilikuwa mara yake ya pili kwetu. Ya kwanza haikushika. Alimwambia nesi mbele yangu kwamba hakuna ya tatu. "Mwili wangu umechomwa vya kutosha. Miaka tisa kila Desemba napanda Moshi, naulizwa mezani mbele ya watu. Mwaka huu naenda na jibu. Likiwa zuri, likiwa baya, ni jibu."

Asubuhi ya kuvuta mayai yalipatikana matatu. Nilitegemea manane, na nikaanza kuhesabu nani kakosea kabla hata sijayasafisha. Niliposafisha, moja lilikuwa jeusi, limenywea. Moja lilikuwa na punje yake wazi kabisa. La tatu lilikuwa la duara zuri, safi, ila sikuona punje. Nikalizungusha robo. Lori likapita chini. Nikaweka mrija mezani, nikaandika: changa.

Kliniki ilikuwa na sheria moja ya daktari: aliyeona ndiye anayesema. Hakupenda habari za maabara zifike kwa mgonjwa kupitia midomo mitatu. Kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Nilimkuta amelala ubavu, amejifunika khanga, bado na uzito wa dawa ya usingizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mangapi?"

"Matatu."

"Mazima?"

"Moja limekomaa. Moja limeharibika. Moja bado changa, hilo hatuwezi kulitumia."

"Changa umelijuaje?"

Nikamweleza habari ya punje. Nilieleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika, ndivyo ninavyofanya nikiogopa. Akanisikiliza amefumba macho, nikadhani kalala.

"Sasa hiyo punje inakaa pande zote, au upande mmoja?"

"Upande mmoja."

"Na wewe ulitazama upande gani?"

Akafumbua jicho moja.

"Mdogo wangu, ngoja nikwambie. Mteja akija dukani kwangu akatazama kitenge upande wa juu tu, najua huyo kaja kupiga soga. Anayetaka kununua anageuza. Kitenge cha kweli rangi imepita mpaka nyuma, cha uongo nyuma kimepauka. Umeligeuza?"

Nilifikiria kusema ndiyo. Nilifikiria pia kwamba nikisema ndiyo, na lile yai likawa zima, nitabaki na jambo hilo maisha yangu yote. Nikafikiria kwamba nikisema hapana atamwambia daktari, na ile miezi saba ya kutafuta kazi itaanza upya. Yote hayo yalipita wakati yeye ananitazama kwa jicho moja.

"Robo," nikasema.

"Robo!" Akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. "Nesi, njoo umsikie huyu. Mimi nimelala hapa mzima mzima, yeye kanitazama robo! Nenda kageuze, bwana. Mimi sitoki hapa."

Nilirudi maabara. Zilikuwa zimeshapita saa mbili tangu nijaze fomu. Nilisubiri lori lipite, kisha jingine, kisha nikaona nitasubiri malori ya Gerezani mpaka jioni. Nikashika mrija. Nililisukuma yai kidogo kidogo mpaka likabingirika zima, upande uliokuwa chini ukaja juu. Punje ilikuwepo. Ndogo, mviringo, imekaa ukingoni.

Nikamwita daktari, nikamwambia kila kitu, pamoja na ile robo. Aliinama kwenye hadubini muda mrefu.

"Asubuhi ilikuwepo, au imetoka baadaye?"

Hilo sikuwa nimeliwaza, mimi niliyewaza mengine yote. Yai changa linaweza kukomaa lenyewe kwenye kisahani baada ya saa chache.

"Sijui, Daktari."

"Basi usiandike kwamba unajua. Andika saa uliyoiona. Na kuanzia leo, kila yai linazungushwa lote. Likipasuka, limepasuka."

Mchana aliingiza mbegu kwenye yote mawili, lile la kugeuza likiwa la mwisho, saa mbili baada ya jingine. Kesho yake nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Lile lililokuwa na punje tangu mwanzo halikufanya chochote. Lile la pili lilikuwa na viduara viwili katikati, alama ya kuwa mbegu imepokelewa. Nilimpigia simu dukani. Nyuma yake nilisikia watu wanavutana bei.

"Lipi limeshika?"

"Lile la kugeuza, dada."

"Ngoja, niko na mteja," akasema, lakini hakuweka mkono wa simu chini, na sikumsikia akiongea na mteja yeyote.

Siku ya tatu daktari alimrudishia tumboni lile yai lililoshika, sasa kiinitete, kisha tukasubiri wiki mbili. Nilizihesabu wiki hizo kama mimi ndiye mwenye tumbo. Niliwaza zile saa mbili. Kama punje ilikuwepo tangu asubuhi, basi daktari angeanza na yai hilo mapema, na yai halipendi kucheleweshwa. Nilimuuliza kama saa mbili zinaweza kuharibu. Alisema umri wa mayai yenyewe ni mzito kuliko saa mbili, lakini hakusema haziwezi.

Jibu la damu lilitoka asubuhi. Kwa sheria ile ile, aliyeona ni mimi. Yule dada alikuja na ufunguo wake mkononi. Nikampa karatasi, kwa sababu mdomo ulikataa kutangulia. Akasoma mstari mmoja uliokuwepo. Kisha akaigeuza, akatazama nyuma, akairudisha.

"Hamna," akasema.

"Hamna, dada. Pole sana." Halafu, bila kupanga, nikamwambia habari ya zile saa mbili. Nilimwambia huenda nilichelewa, huenda ningeligeuza asubuhi ile ile mambo yangekuwa mengine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Mdogo wangu, la kwangu linanitosha. Usinibebeshe na la kwako."

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye pochi, akafunga zipu. Kule Moshi, alisema, ataitoa mezani, waisome wenyewe wapumzike. Akaniuliza kama mlango wa chini uko wazi, maana alipokuja, mlinzi alikuwa amekwenda chai. Nikamsindikiza. Ulikuwa wazi. Alivuka barabara kati ya mikokoteni, akielekea Mtaa wa Kongo kufungua duka, nami nikapanda juu, kwa kuwa kulikuwa na mayai matano ya mtu mwingine yakisubiri, na yote yalitakiwa kugeuzwa.