Debe la Petroli

Kasaine alikuwa mpagazi wa mlowezi wa Kijerumani, mwenye motokaa. Petroli ilifika Moshi kwa treni. Kutoka hapo Kasaine alibeba debe la petroli kichwani mpaka Arusha, likivuja njia nzima, hadi shingo ikachubuka na ugali wake ukanuka petroli. Bwana akayamimina mafuta, akatimua mbio kwenda Kisongo kukimbiza pundamilia: anakanyaga mafuta, anafunga breki, anakanyaga tena. Kabla ya adhuhuri akarudi kwa miguu.

“Yameisha. Nenda Moshi ulete mengine.”

Kasaine akaliokota debe tupu. “Ungekwenda taratibu, Bwana, yangekufikisha Jumapili.”

“Kwani mafuta ni yako?”

“Ni yako,” alisema Kasaine, akijifuta usaha shingoni. “Na shingo hii je, ni ya nani?”