Tulivyomdanganya Bwana kuwa picha ya mgongo wa mtoto wa farasi haijakauka

Wakuu, habari za humu. Haya yalinikuta mwenyewe Iringa, miaka ya hamsini. Mjukuu ndiye anayechapa. Akitia chumvi yake, nitamjua.

Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya. Nilikuwa mpiga picha za eksirei kwenye hospitali ya misheni.

Jumapili moja baada ya ibada akaja Saulo, Mhehe, mtunza farasi wa Mzungu mwenye shamba la tumbaku. Nyuma ya pikapu kalaza mtoto wa farasi. Ana homa, mgongo umekakamaa kama ubao, hata kuinamia nyasi hawezi.

Saulo alikuwa amemlea kwa chupa tangu mama yake afe.

"Bwana kasema picha isipoonyesha ugonjwa wa kutibika, anampiga risasi asiteseke," aliniambia. "Nisaidie, ndugu yangu."

Daktari akakubali, ila mnyama asiguse meza ya wagonjwa. Saulo akamkumbatia shingo. Mimi kwa mazoea ya kazi nikapaza sauti: "Vuta pumzi! Usipumue!"

Saulo akabana pumzi. Farasi akajamba.

"Mnyakyusa wewe! Msemeshe Kihehe, ndicho alichokulia!"

Picha ikatoka safi kabisa, haina dalili ya ugonjwa. Saulo akakaa chini.

Hapa wakuu niwaeleze taratibu, maana wengi hukosea. Vijidudu vikiingia kwenye mfupa wa mgongo, huanza kuula kwa ndani. Eksirei haioni mpaka mfupa uliwe vya kutosha, na hilo huchukua kama wiki mbili. Daktari alihisi ndicho kilichopo, lakini penisilini ilikuwa ya kuhesabu. Bila ushahidi asingeitoa kwa farasi.

Basi tulihitaji wiki mbili, na Bwana alitaka jibu kesho yake.

Enzi hizo picha ilioshwa kwa dawa, ikaanikwa mpaka ikauke. Nikamwambia, kwa adabu zote, "Bwana, picha bado haijakauka. Ya farasi ni nzito, na baridi hii ya Iringa..."

Akanitazama. Akaondoka.

Akarudi siku ya nne. Haijakauka. Siku ya nane. Upande mmoja tayari, bado wa pili! Saulo nyuma yake anatazama dari.

Wiki mbili zilipotimia tukapiga nyingine kimyakimya. Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimelika kingo, kama mahindi yaliyoingiwa na panya. Daktari akatoa penisilini, Saulo akachoma sindano wiki nyingi. Siku mnyama alipoinama akang'oa nyasi mwenyewe, Saulo alilia bila kujificha.

Bwana alikuja kutushukuru. Mlangoni akageuka, akasema kwa Kiswahili chake:

"Mimi nasafisha picha zangu mwenyewe nyumbani. Zinakauka kabla ya chai."

Sikuwa na pa kuficha uso.

"Bunduki nilikuwa nimeshaipaka mafuta," akasema. "Kila nikija nilikuwa naomba uniambie bado."

Wakuu, picha safi haimaanishi mwili ni mzima. Maumivu yakiendelea, rudini mkapigwe nyingine, msione aibu.

Nani humu amewahi kuambiwa "huna kitu" na kumbe kipo? Semeni, babu yenu nasomewa yote.