Kumpisha Mama Mkwe Juu ya Longonot

Chekeni tu, mimi nimeshazoea, maana siku hizi hata watoto pale kanisani kwetu Ngong Road wakiniona wananinyooshea mkono, "Anko, shika!", halafu wanatoroka.

Ilikuwa ziara ya kanisa, mlima Longonot na manyatta ya Wamaasai kwa siku moja, na singeenda kama si Nanjala, mchumba wangu. Mimi ni Mkamba, fundi wa mashine za fotokopi, kazi yangu ni kuzunguka maofisi ya Kilimani nikichomoa karatasi zilizokwama. Yeye ni wa Bungoma, na mama yake anakaa mtaa wa Jamhuri hapa Nairobi na anaimba kwaya ya kanisa letu. Jumamosi iliyofuata wazee wetu walikuwa waende kwao kuongea mahari, na kila mtu kwao alikuwa amenikubali isipokuwa huyo mama. Hakuwa amesema hapana, alikuwa amenyamaza, na kile kimya kilikuwa kinaninyima usingizi.

Sasa kwa kina Nanjala mkwe na mama mkwe hawashikani mkono, hawakai meza moja, na mkikutana njiani wewe mwanamume unatoka kando unampisha, ukikosea hapo umejiharibia. (Sisi Wakamba pia mama mkwe tunamwonea haya, kwa hivyo sikuona ugumu.) Kwa basi yeye alikaa mbele, mimi nikaenda kile kiti cha nyuma kinachorusha watu. Kwa manyatta, morani wakiruka, yeye alisimama na akina mama wauza shanga, mimi nikajificha nyuma ya mchungaji, ambaye kwa bahati nzuri ni mtu mnene.

Tulipofika juu ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, Nanjala alivua viatu akasema yeye amefika mwisho. Nikaona mama yake anapanda, anatujia.

"Acha nizunguke ukingo kidogo," nikamwambia, "nimpee mama nafasi akae na wewe."

"Zunguka, lakini usijifanye shujaa."

Nikageuka kushoto bila kuangalia nyuma, nikijiona kijana mwenye adabu kuliko wote Nairobi. Nisichojua ni kwamba mama naye alikuwa ameinua macho, akaniona nimesimama na binti yake, akaona haya kutukaribia, akawavuta wenzake wawili wa kwaya wakashika njia ya kulia.

Kama umewahi kufika Longonot umeshacheka. Ule ukingo ni duara.

Nilitembea mpaka magoti yakalalamika, na kule upande wa mbali, mahali njia inatosha mtu mmoja tu, kulia kreta, kushoto mteremko, nikaona leso ya rangi ya chungwa inanijia. Ni yeye, tena amewaacha wenzake nyuma. Kugeuka nimkimbie ningeonekana sina adabu, kwa hivyo nikafanya vile nilivyofundishwa, nikatoka njiani upande wa mteremko. Udongo wa pale ni vumbi tupu. Nikateleza, nikakaa chini, nikaendelea kuteleza nikiwa nimekaa, mpaka nikadaka kichaka cha leleshwa. Hapo ndipo nilipoangalia chini na kugundua kwamba mimi, mtu mzima, naogopa mahali pa juu.

"Wewe Mutua, unafanya nini huko?"

"Nakupisha, mama. Pita tu." (Haki ya Mungu nilisema hivyo, macho nimefumba, kichaka nimekikumbatia.)

"Nipite nikuache hapo?"

"Eeh, mama. Niko sawa."

Kichaka kikaanza kung'oka. Mama akapiga magoti njiani, akanyoosha mkono.

"Shika."

"Mama, mkono wako siwezi kushika."

"Shika mkono, kijana! Ukianguka nitamwambia Nanjala nini, ati ulikuwa na heshima?"

Nikashika. Wenzake wa kwaya walitokea wakati ananivuta kama ndama aliyetumbukia mtaroni, na mngedhani mambo yaliishia hapo, lakini miguu ilikataa kazi, nikawa siwezi kuuachilia ule mkono, akaniongoza hivyo hivyo njia nzima mpaka pale kanisa lote lilikuwa limekaa likitungoja. Hapo akautoa mkono wake, akajifunika leso, akaangalia kando. Nilirudi Nairobi kwenye kiti changu cha nyuma nikiwa karibu kulia, nikijua nimempoteza Nanjala.

Tuliposhuka Jamhuri, Nanjala akanivuta kando.

"Mama anasema umemshika mkono mbele ya watu, kwa hivyo Jumamosi wazee wenu waje na blanketi ya kuondoa hiyo aibu."

"Amekasirika sana?"

"Mutua, blanketi anaitishwa mkwe. Mtu wa nje angeambiwa tu pole."

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mchungaji.

Mlima nitapanda tena, sikatai. Lakini siku nyingine nikimwona mama mkwe huko juu, nitakaa chini papo hapo, nifumbe macho, mpaka mtu aje aniambie ameshuka.