Mstari wa Chaki

Fundi wa mashine ya kuchonga pale Ilemela huvua saa kabla ya kugusa kompyuta, kisha huweka kiganja juu ya mota kama anayepima homa. Severine, katekista, alikuja kuchukua nguzo ya birika la ubatizo wa Jumapili, yenye nakshi ya mzabibu unaoizunguka, akakuta bado gogo tupu, na nje gari la kumrudisha Busisi likimpigia honi. Fundi alichora mstari wa chaki kwenye gogo, akaiamuru mashine iligeuze mzunguko mmoja kamili. Mstari ulisimama upana wa ukucha kabla ya kufika ulipoanzia.

“Si linazunguka vizuri tu, mama?”

“Kuzunguka linazunguka, katekista. Tazama linaporudi. Mzabibu wako ungeanzia hapa, uishie pale, majani yasikutane.”

Akarekebisha kwenye kompyuta hesabu ya hatua za mota kwa kila nyuzi ya mzunguko, midomo ikichezacheza bila sauti. Gogo likazunguka, mstari ukarudi palepale. Hakutabasamu, alifuta chaki, akachora upya mahali pengine. Honi ikalia. Severine akatoka, akamruhusu dereva aondoke, akarudi kuinama kando ya gogo.

“Haya, rudia,” akasema. “Nilikuwa sijatazama vizuri.”