Bibo Halinitazami

Harufu ya mabibo yaliyochacha hunirudisha uani kwetu Newala, msimu wa korosho, nikiwa na miaka tisa na nimetoka kulazwa kwa ugonjwa wa sukari. Muuguzi wa misheni alikuwa amemwambia mama ajifunze kuchoma sindano kwa bibo, tunda la mkorosho, kwa sababu ganda lake ni laini kama ngozi ya mtoto. Asubuhi nzima mama alichoma mabibo kwa sindano yenye maji machache yaliyobaki kwenye ndoo yetu, wala hakukosea hata moja. Kisha akavuta dawa kwenye kichupa, akanishika paja.

“Fumba macho, mwanangu.”

Nikafumba. Nikangoja, sindano haikuja.

“Bibo halinitazami,” alisema, ingawa mimi nilikuwa bado nimefumba macho.

Nikaichukua sindano mkononi mwake, nikajichoma kama nilivyomwona akifanya. Iliuma kama siafu.

“Tayari, mama.”

Alikuwa amenipa mgongo. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alinikabidhi sindano nijichome, akatoka kufagia uwanja, na ufagio wake ulinyamaza mpaka niseme, “Tayari.”