Kopo la Misumari ya Fundi Pancha

Nimerudi, rafiki yangu, na sikurudi mikono mitupu. Ukitokea Kilwa ukaishika njia ya Kiswere, kabla bahari haijaanza kuonekana, utaona upande wa kushoto jengo la tofali lenye bati la bluu. Hilo ni langu. Ndani kuna kompresa, kuna mashine ya kubandulia matairi ambayo sidhani kama utaiona nyingine huku kwetu, na ukutani, ndani ya kioo, ipo diploma yangu ya ufundi wa magari. Hakuna mjomba aliyenisomesha. Nililala juu ya matairi kule Dar, nikashindia mihogo ya kuchoma, nikalipa ada kwa mikono hii hii. Nayasema bila haya, na anayeona najisifu aje ajenge la kwake jirani na langu.

Ila tangu nimerudi sikaliki. Nashika spana naiweka, natoka nje naiangalia barabara, narudi ndani, natoka tena. Wapita njia wanadhani natazamia wateja. Wateja ninao. Kinachonitoa kitini kipo juu ya rafu, nyuma ya makopo ya oili: kopo la zamani la maziwa ya unga, limejaa misumari.

Juzi jirani yetu, yule aliyekuwa dereva wa kwanza wa bodaboda hapa kijijini, alikuja akisukuma pikipiki, gurudumu la nyuma limelala. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniita injinia. Nikalizungusha gurudumu, nikauona msumari wa bati umezama mpaka kichwani. Nilipouchomoa kwa koleo, upepo kidogo uliobaki ukatoka kwa ile sauti nyembamba, na hapo hapo nikarudi kuwa na miaka kumi na mmoja.

Wakati huo njia hii ilikuwa ya udongo mtupu, na nyumba yetu, mimi na bibi yangu, ilikuwa ya kwanza kulamba vumbi lake kiangazi na tope lake masika. Bibi alikuwa mpika vitumbua. Akishasali alfajiri, nilikuwa naamka kwa sauti ya unga wa mchele ukichapwa kwenye sufuria, kisha harufu ya nazi na iliki, kisha moshi. Na moshi wetu haukuwa kama wa jirani. Kule ufukweni ilikuwa imevunjwa mashua kuukuu, bibi akaomba mbao zake akapewa zote. Mbao za mashua zimekunywa chumvi na mafuta ya papa miaka na miaka. Zikiwaka zinatoa mwali wa kijani pembeni, na nyumba nzima inanuka kama samaki aliyesahauliwa juani. Nguo zangu za shule zilinuka hivyo hivyo. Wenzangu waliniita kitumbua cha papa, lakini walivila vitumbua.

Kazi yangu ilikuwa majivu. Mbele ya nyumba njia ilikuwa na bonde dogo, masika yakianza linakuwa dimbwi. Wenye kanzu walizikunja, wenye baiskeli walishuka. Ustadhi wetu wa madrasa alitufundisha kwamba kuondoa njiani kinachowaudhi watu ni sadaka, na bibi alilichukua somo lile kuliko sisi wanafunzi. Kila asubuhi nilibeba majivu kwa ndoo iliyokatika mkono, nikayamwaga dimbwini, nikayakanyaga yakashika tope. Waliopita walimwombea bibi dua, na mimi wakanisifu kwa adabu. Nilipenda sana kusifiwa. Sijabadilika.

Miaka hiyo hiyo pikipiki zikaanza kuingia kijijini, na nyuma yake akaja fundi pancha. Alitokea bara, upande wa Mtama, na Kiswahili chake kilitembea na Kimwera ndani yake. Hakuwa na ndugu hapa. Alijenga kibanda cha makuti kama hatua mia kutoka dimbwi letu, akapanga vitu vyake: karai la maji, pampu ya mguu, vyuma viwili bapa vya kubandulia tairi, msasa, gundi, na lile kopo la maziwa. Nikitoka shule nilisimama kumtazama. Alizamisha tyubu kwenye karai, akaikunja kipande kwa kipande, mpaka vipovu vikapanda. Hapo akapabana kwa vidole kama mtu aliyekamata mdudu. Hakuniruhusu kushika kitu. Alinifukuza kwa utani, akisema nikimbie nyumbani, vitumbua vinaungua. Siku moja tu aliniita. Tairi lilikuwa linapoteza upepo na mahali hapaonekani, nami nikaliinamia na kutega sikio.

"Weka shavu," alisema. "Sikio linasikia mengi."

Nikaweka shavu, na kweli, upepo mwembamba ukanigusa chini ya jicho. Leo nina kompresa na diploma, na bado naweka shavu.

Kila msumari alioutoa kwenye tairi aliutupa ndani ya kopo, ukalia. Nilimuuliza anaiweka ya nini. Akanijibu kwani nilitaka airudishe njiani.

Masika yale pancha zikawa nyingi mno. Pikipiki za kijijini zilikuwa tatu tu, lakini haikupita siku mbili bila moja kupita mbele yetu ikisukumwa kuelekea kibandani. Mwanzoni ilikuwa mzaha. Madereva walimuuliza fundi leo amepanda mingapi, naye akawajibu kwamba mvua ikiendelea atavuna. Akacheka nao. Laiti angejua maneno yale yanahifadhiwa.

Mzaha uliisha siku jirani yetu alipokuwa anamrudisha mkewe kutoka zahanati, mjamzito wa miezi saba. Hatua chache baada ya kupita kwetu gurudumu la nyuma lilikwisha upepo, pikipiki ikaserereka, mama wa watu akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Kwa siku mbili hakuna aliyejua kama mimba itasalimika. Ilisalimika, na mtoto mwenyewe sasa ni kijana wa sekondari ananipita hapa kila asubuhi. Lakini siku zile mbili zilitosha kuwakasirisha watu.

Ijumaa baada ya sala wanaume walijaa ofisi ya kijiji. Sisi watoto tulining'inia dirishani. Fundi alikuwa amesimama katikati, mikono imekauka gundi, na jirani yetu akaingia na lile kopo, amelitoa kibandani. Alilinyanyua juu akalitikisa. Likalia ofisi nzima.

"Riziki yake pancha, na kopo lake limejaa misumari," alisema. "Mnataka shahidi gani tena?"

"Hiyo nimeitoa kwenye tairi zenu wenyewe," fundi akajibu. "Mwageni chini muitazame."

Hakuna aliyemwaga. Mmoja akasema jamaa anataka kutuchelewesha chakula, wakacheka. Jirani akalitikisa tena, kwa nguvu zaidi, msumari mmoja ukaruka, ukadunda kizingitini mwa dirisha, ukaniangukia miguuni. Niliuokota. Haukuwa wa duara kama misumari ya dukani. Ulikuwa wa pembe nne, kichwa kipana, mweusi kwa moto. Nilikuwa naiona mingine kama huo, kila asubuhi, myekundu bado, katikati ya majivu ya bibi.

Nusu ya wanaume waliokuwa mle ndani baba zao walikuwa mafundi wa mashua. Kama wangelimwaga kopo wangeijua misumari ile kabla ya mimi. Hawakulimwaga. Nami nilikuwa nao mkononi, na dirisha lilikuwa wazi, na sauti nilikuwa nayo; ndiye mimi niliyekuwa nasoma risala shuleni wageni wakija. Nikaona midomo ile ile inayomwombea bibi dua ikimgeukia. Nikaufumba mkono mpaka ncha ikaniuma. Mwenyekiti akampa fundi mpaka Jumapili awe amehama.

Usiniambie sikufanya kitu. Nilifanya, na kwa akili nyingi. Bibi alikuwa na redio iliyokufa. Niliivunja spika yake nikatoa sumaku, nikaifunga kamba, na Jumamosi tangu asubuhi nikawa naiburuta dimbwini kwenye tope la majivu. Hakuna aliyenifundisha. Misumari ilijishika juu yake kama siafu. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nikiimaliza kabla fundi hajaondoka, pancha zitakoma naye yupo, watu wataona kwamba hakuwa yeye, na bibi hatatajwa. Sikula mchana. Sikukaa. Nilichana tope lile kwa magoti mpaka Jumapili adhuhuri, nikajaza viganja vinne.

Lori la chumvi liendalo Lindi likaja likapunguza mwendo kwenye bonde letu. Fundi alikuwa juu ya magunia, amekumbatia pampu yake, karai kichwani kama kofia kwa sababu ya jua.

"Unavua nini, kitumbua?"

"Chuma," nikamjibu.

Alicheka, kile kicheko chake cha kibandani. Lori likabadili gia, likapanda, likaenda zake.

Wiki ikapita bila pancha. Ikapita ya pili. Jirani yetu alikuwa anasimama kibarazani, kijiti mdomoni, akisema mnaona, mnaona. Nani angebisha? Mtu kaondoka na pancha zimekoma. Sumaku yangu ndiyo iliyomtia hatiani, vizuri kuliko kopo lake.

Kopo lenyewe walilitupa nyuma ya ofisi. Nililichukua, nikatia misumari yangu juu ya yake, na ilipochanganyika hapakuwa na tofauti hata ya msumari mmoja. Bibi alilikuta chini ya kitanda changu. Alikaa nalo mapajani muda mrefu, akiichambua kama anachambua mchele. Hakunipiga, na ningependa angenipiga.

"Liweke," alisema. "Siku wakiuliza, tutawaonyesha."

Tangu siku ile alichimba shimo uani kwa ajili ya majivu, na mbao za mashua zilizobaki hakuzigusa tena. Vitumbua vyetu vikaanza kunuka kama vya watu wengine. Hawakuuliza. Bibi amefariki, jiko lake lilikuwa hapa hapa ilipo kompresa, na dimbwi wamelifukia kwa kifusi. Mimi niliondoka na kopo langu kwenye begi, Lindi kwanza, kisha Dar. Kote nilikopita, nikisikia Kimwera kwenye kibanda cha matairi, nilisimama nikachungulia uso. Ndiyo maana watu walisema kijana huyu hatulii mahali. Wao waliita bidii. Bidii nayo ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake.

Basi juzi, nilipomaliza tairi la jirani, aliniuliza nimesomea wapi ufundi safi namna hii. Nilikuwa na jibu langu la siku zote, linaanza na ile sumaku ya redio. Nimelisimulia mara nyingi, na kila mara nalimalizia kwenye akili ya yule mtoto. Safari hii nilinyoosha mkono rafuni, nikalichukua kopo, nikalimwaga mezani mbele yake.

Alichukua msumari mmoja, akaugeuza, akaukwangua kwa ukucha.

"Huu wa mashua," alisema. "Umeungua."

"Hilo ndilo kopo la fundi. Ulilitikisa ofisini."

Alinitazama, akautazama msumari. Nikamweleza: umeungulia jikoni kwa bibi, mimi ndiye niliyeumwaga njiani, na Ijumaa ile pale dirishani nilikuwa najua. Alijishusha akakaa juu ya tairi kuukuu. Nilitegemea ukali, sikuupata. Alianza kuirudisha misumari koponi, mmoja mmoja, na kila mmoja ukalia kama zamani.

"Mtafute," akasema hatimaye. "Nyie mna simu za kila kitu. Mpate, nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele za watu."

Nikafuta mikono, nikatoa simu, nikafungua mahali pa kuandika jina.

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

Alinitazama mimi niliyesimama kwenye kibanda kile kila siku baada ya shule, niliyeweka shavu langu kwenye tairi, na mimi nikamtazama yeye.

"Sisi tulikuwa tunamwita Fundi," alisema.

Mwanga wa simu ukazima mkononi mwangu. Nje, juu ya mlango, kwa herufi nyekundu zinazosomeka kutoka barabarani, limeandikwa jina langu kamili, la kwangu na la baba yangu na la babu yangu.