Rangi ya Kambini

Mume wangu alikuwa na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: kila kilichoharibika alikiona kizima. Ukimwonyesha sufuria iliyotoboka, yeye anaona sufuria, tundu halimo. Ndiyo maana siku alipoivuta baiskeli ya baba yangu kutoka nyuma ya banda la kuku, ilikokaa miaka ikinyeshewa na kupigwa jua, aliizunguka mara moja tu akasema, "Hii iko muzima. Nataka kupanguswa tu."

Mnyororo wake ulikuwa umeganda kwa kutu ukawa fimbo. Tandiko lilikuwa limeliwa na panya, breki hazikuwapo, na gurudumu la nyuma lilikuwa na umbo la yai. Nilimwuliza ataipangusa kwa kitu gani, kwa dua? Akacheka, akaenda kutafuta spana.

Tulikaa kwa baba, kwenye mlima wa Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Baba alikuwa mwalimu wa Kurani, wa ukoo wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani kuja kuuza nguo na chumvi, wakasahau kurudi. Alipenda maneno yanyooke kama alivyopenda kanzu yake inyooke. Nami nikamletea mkwe aliyezaliwa na kulelewa kambini, mtoto wa askari kutoka kaskazini, dereva wa greda katika kazi za barabara, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwenye gwaride. Baba hakuikataa ndoa, ila masikio yake yaligoma. Kwa kisingizio kwamba mkwe ni mtu wa heshima na hasemezwi ovyo, alizungumza naye kupitia kwangu, hata wakiwa wameketi mkeka mmoja.

"Mwambie mume wako chai inapoa."

Namgeukia mume wangu, aliye hatua moja kutoka kwa baba, namwambia chai inapoa.

"Ambia mzee mimi nasikia."

Namgeukia baba, namwambia amesikia. Nimefanya kazi nyingi maishani, lakini ile ya ukalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili ndiyo iliyonichosha kuliko zote.

Baiskeli haikuwa mchezo, hata hivyo. Kila Alhamisi baba alikuwa akienda Kawempe, upande wa pili wa mji, kufundisha kina mama saba, wauza mihogo na wauza mkaa, waliotaka kuisoma Kurani kwa macho yao wenyewe kabla hawajazeeka zaidi. Amefundisha madarasa mengi, lakini hilo ndilo alilolipenda. Mama alipofariki, likawa ndilo linalomtoa kitandani. Kisha petroli ikaadimika, teksi zikawa za kubahatisha, na magoti yake hayakuweza tena safari ile kwa miguu. Baiskeli, alisema, hata ukiikokota mlimani ni ya kuegemea. Alhamisi tano zilikuwa zimepita bila darasa. Aliacha kupaka ndevu zake hina, akawa anaacha nusu ya chakula sahanini, na adhuhuri ukimkuta ameketi mahali, alasiri unamkuta papo hapo. Niliogopa. Niliogopa kwamba baba yangu angekufa kwa kukaa.

Basi mume wangu akaanza kazi. Vipuri mjini havikuwapo. Maduka yalibaki na rafu tupu tangu wenyewe walipofukuzwa nchini na serikali ya jeshi, na vilivyopatikana kwa magendo havikuwa vya watu kama sisi. Breki alizichonga kutoka kwenye ndara zake za mpira wa gari, akabaki na viatu vya kazini tu, anavivaa hata kwenda kuoga. Tyubu ya mbele ilikuwa na viraka vingi kuliko tyubu yenyewe. Ya nyuma hatukuipata kabisa, kwa hiyo alilishindilia tairi nyuzi kavu za migomba, akitumia mwiko wangu, ambao haukurudi tena jikoni. Grisi haikuwapo, akatumia mafuta ya kujipaka aliyoletewa na mama yake kutoka kwao, hata baiskeli ikawa inanukia mavyaa. Tandiko akalivika ngozi ya mbuzi wa Idi, na manyoya yake juu.

Baba alitazama yote hayo kutoka mlangoni. "Mwulize mume wako," akaniambia, "ninapanda baiskeli au mbuzi?"

"Ambia mzee apande kwanza, kisha aulize."

Siku ya majaribio breki zilitoa mlio ulioamsha watoto wachanga wa nyumba tatu. Nilimwambia mume wangu kwamba sasa kengele hatuhitaji. Alinitazama kama mtu aliyesifiwa.

Rangi ndiyo ilikuwa kiburi chake. Rafiki yake mmoja, mpishi wa kambini, alikuwa amempa nusu kopo kwa kumtengenezea jiko: kijani kile kizito, cha majani yaliyokomaa. Nikikumbuka leo najiuliza sote watatu tulikuwa na macho ya kazi gani. Mume wangu alikulia mahali ambapo vitanda, milango, ndoo na hata banda la mbuzi vilipakwa rangi ile. Kwake haikuwa rangi ya jeshi, ilikuwa rangi ya vitu. Baba aliona kijani, na kijani kwa mwalimu wa Kurani ni rangi ya heri. Akaniagiza nimwambie mume wangu kwamba leo ameonyesha adabu. Mimi niliona rangi ya bure. Tukaipaka mara mbili, na mara ya tatu kwenye fremu, ikakauka ikawaka.

Wakati ule wa utawala wa jeshi, mji mzima ulipoona kijani kile kinakuja ulijua la kufanya, nao ulipotea. Sisi hatukuliwaza hilo hata kidogo.

Alhamisi asubuhi baba alipaka hina, akavaa kanzu nyeupe na koti lake jeusi, akafunga kitabu chake kwenye karia, akateremka mlima breki zikilia. Nilisimama njiani nikimtazama mpaka akapotea. Mume wangu alisimama pembeni yangu amekunja mikono, na alikuwa mzuri siku ile, nisimnyime sifa yake.

Nilimtarajia baba alasiri. Alirudi adhuhuri haijaadhiniwa.

Aliiegemeza baiskeli kwenye pipa la maji, akaketi bila kuvua koti. "Watu wamenipisha njia nzima," alisema. "Lori limeingia mtaroni nipite. Sokoni wamefunika sukari yao kwa heshima. Kinyozi mmoja amemwacha mteja na nusu kichwa, akasimama wima mpaka nikapita. Sikujua kwamba mji huu bado unawaheshimu walimu hivi."

Lakini hakuyasema kwa furaha. Nikamwuliza wanafunzi wake hawajambo.

"Hawakuwapo. Mlango umefungwa, na chungu kiko uani kinachemka. Nimekaa barazani saa nzima nikisoma peke yangu. Hakuna aliyetokea." Akavua kofia, akaitazama ndani. "Wamenichoka. Siwalaumu, mtu akikosa wiki tano atachokwa. Mwambie mume wako airudishe kwa kuku."

Sikumwambia mume wangu neno hilo. Ndiyo mara pekee katika ukalimani wangu nilipoficha ujumbe. Usiku ule baba hakula hata ile nusu yake.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alifika mama mmoja muuza mihogo, amejaa vumbi mpaka magotini. Nilimjua, alikuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote katika darasa la Kawempe, mwenye wajukuu. Alikuwa amekuja kwa miguu. Alipiga magoti kumsalimu baba kama wanavyosalimu kwao, akabaki hapo chini, akimwita sebo, yaani bwana kwa lugha yao, kwa sauti ndogo huku akitazama njiani.

"Mwarimu, afadhali nakuta wewe muzima. Usikuje Kawempe, sebo. Jana iko mutu ya jeshi nalikuja kutafuta wewe. Narivaa kanzu kama yako."

Baba akajinyoosha. "Mtu gani?"

"Sisi hatuangalii uso. Watoto nalipiga kelele, jeshi nakuja, jeshi nakuja. Tuliona baisikeli tu, ile ya langi yao, tukapita nyuma, tukalala kwa migomba. Alikaa kwa balaza saa moja mzima. Alishika hata kitabu, najifanya anajua kusoma."

"Alisoma vibaya?" baba akauliza. Kumbe hata katika hatari mwalimu hubaki mwalimu.

"Alisoma ndani ya roho yake, sebo. Hatukusikia."

Nilikuwa nimeshaelewa, na nilikuwa nimeuma khanga yangu. Mama yule aligeuka kupokea maji niliyomletea, na hapo akaliona pipa, na kilichoegemea pipa. Akaitazama baiskeli. Akamtazama baba, kanzu yake, koti lake jeusi msumarini. Akaweka kikombe chini taratibu.

Akili ya baba ilichelewa kidogo kufika, lakini ilifika. "Kumbe," alisema, "mtu aliyekuwa akinitafuta ni mimi."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka mama yule naye akaangua kicheko pale chini alipopiga magoti, mpaka ikabidi niwape wote maji. Sikuwa nimemsikia baba akicheka tangu tumzike mama. Hawakumchoka. Mmoja wao alivuka mji mzima kwa miguu kuja kumwokoa na yeye mwenyewe. Niliingia ndani nikalia, na sikuona haya.

Mume wangu aliporudi kazini nikamweleza. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumtania mwaka mzima. Aliisikiliza habari yote, akaenda akapitisha kidole kwenye fremu.

"Kwetu hata kitanda ya mama iko hivi," akasema polepole.

Sikutumia hata neno moja kati ya yale niliyotayarisha.

Jumamosi alianza kuikwangua, kwa mchanga na kipande cha chupa. Alikuwa kwenye bomba la chini la fremu baba alipotoka, amekunja mikono ya kanzu, na yeye ameshika kipande chake cha chupa. Akachutama upande wa pili wa baiskeli. Wakakwangua, mimi nikichambua mchele karibu yao.

"Hapo kwenye pembe umeacha," baba akasema.

Mume wangu akanitazama, akingoja.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Unaambiwa wewe."

Akainama haraka kwenye pembe. "Naona, baba," akajibu. Siku zote alikuwa akimwita mzee.

Rangi ilipokwisha, chuma kilibaki kinameta, na hapo tukakwama tena, maana baiskeli inayometa ingetamaniwa na wenye bunduki kabla haijafika sokoni. Kwa hiyo mume wangu, aliyetumia wiki mbili kuondoa kutu, alichota maji ya ndoo, akaimwagia baiskeli, akaiacha uani ipate kutu upya. Kila asubuhi wote wawili walitoka kuikagua. "Bado," anasema mmoja. "Bado kidogo," anasema mwingine. Sijapata kuona watu wakingojea kutu kwa hamu namna ile, na sikuacha kuwaambia hivyo.

Alhamisi iliyofuata baiskeli ilikuwa chakavu kama siku ilipotoka kwa kuku, na hakuna mtu njiani aliyeitazama mara mbili. Baba alisongwa na mikokoteni, akatukanwa na mwendesha lori, akarudi jioni na mihogo kwenye karia, amechoka, na manyoya ya mbuzi kanzu nzima. Alipitiliza mbele yangu moja kwa moja mpaka kwa mume wangu.

"Breki zako zina kelele," akamwambia.

"Nitatengeneza kesho, baba."

"Usiziguse. Wakizisikia kutoka kwenye kona wanajua ni mimi, wanafungua mlango."